Mbelewele Katika Tope la Gatete

Mheshimiwa Mkuu wa Komini, Mkurugenzi wetu Ndugu Nduwimana, Mzee Shafii na wazee wote wa Gatete, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa: amahoro.

Mumenikalisha kwenye kiti chenye maua, mumenisifu mpaka nikageuka kumtafuta huyo munayemsema. Miaka thelathini na moja nimeinamia hadubini. Macho yamechoka, shingo imechoka, na mimi Kulthum mwenyewe nimechoka. Niliandika hotuba fupi ya kuwashukuru nikapumzike, lakini imebaki mfukoni.

Wageni mutajiuliza, mama huyu alikuwa anahesabu nini? Chavua, lile vumbi la maua. Linaanguka ziwani, linazama, linafunikwa na tope, na haliozi. Ukikuta tope lina chavua ya miti ya msitu peke yake, hilo ni tabaka la kale sana. Ukikuta ya mahindi, ni la juzijuzi, kwa sababu mahindi yaliletwa huku kutoka mbali na watu wa kale hawakuyajua.

Mwaka juzi tulichimba nyuma ya nyumba za Gatete, tukapata tope la ziwa chini ya mchanga, tukalileta maabara ndani ya bomba refu. Ziwa lilifika pale lini? Nikahesabu chembe kumi na moja za chavua ya mahindi, nikaandika: tabaka changa. Maana yake, ziwa lilifika pale juzijuzi na litarudi. Kwa karatasi hiyo familia arobaini zimeambiwa zihame, na Alhamisi zitatia saini kuacha viwanja vyao, pamoja na uwanja wa kuanikia samaki wadogo wa ndagala. Mkurugenzi aliniamini kwa sababu sijawahi kumdanganya. Namsifu kwa hilo, na linaniuma.

Wiki iliyopita jirani wa maabara, Bibi Kabibi, aliniletea mahindi ya kuchoma ya kuniaga. Akasema, "Kulthum, unakumbuka ule mwaka umeme iko inakatika kila siku, mukafungulia bomba lenu la tope hapa barazani kwa kutafuta mwanga? Mahindi yangu yalikuwa na mbelewele, yale maua ya juu yanayomwaga vumbi. Ulipangusa meza ukilalamika."

Nilikumbuka, lilikuwa bomba la Gatete, nikaweka gunzi chini. Nilihesabu mahindi ya zamani, au ya Kabibi? Shamba lake la pili linachanua sasa, kwa hiyo nikapaka kioo mafuta ili kinase vumbi, nikakiacha barazani kutwa. Nilipokitazama, kilikuwa na chembe ishirini na tatu za mahindi, na kioo kile hakijawahi kugusa tope.

Ningenyamaza, nani angejua? Nilifikiria kunyamaza, sitawaficha. Mutu aliyechoka anapenda mambo yaishe.

Mzee Shafii, sisemi ziwa halitarudi. Nasema sijui, na niliandika kama mutu anayejua. Nusu ya lile bomba bado imefungwa. Naomba ifunguliwe ndani, madirisha yamefungwa, na ahesabu mwenzangu Akonkwa, kwa sababu mimi sasa ninalo jibu ninalolitamani, na macho yenye tamaa hayafai kazi hii.

Ndugu Mkurugenzi, nisamehe. Kile cheti cha kazi isiyo na dosari mulichoniandalia leo kiweke kabatini mpaka Akonkwa amalize.

Murakoze, asanteni, mumenivumilia mpaka hapa. Na wazee wa Gatete, kama kuna aliyesinzia, mwenzake amwamshe asikie hili moja: Alhamisi musitie saini.