Kunguru wa Seshu

Kama hujawahi kunywa kahawa ya Arumugam pale njia ya hekalu, Kumbakonam, kusini mwa India, pole yako. Kijiwe chetu ni baraza la mawe linalotazamana na nyumba ya marehemu Seshu. Zamani tulikuwa wanne pamoja naye, tukibishana tangu kutoka kuoga mtoni mpaka jua la mchana litufukuze. Sasa tumebaki mimi, Sigino mstaafu wa reli, na Samli, mpishi wa hekaluni ambaye tumbo lake hutangulia kufika popote aendapo. Asubuhi moja Seshu alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki. Mwanawe, Mukundan, alikwishamaliza ibada na kuhani, akapanga matonge ya wali kwenye jani la mgomba juu ya ukuta wa ua, akaita kunguru. Kunguru akaja, akatua, akautazama wali, akageuza kichwa. Kwetu marehemu huja kula kwa mdomo wa kunguru, na kabla hajala, hakuna mtu wa nyumba hiyo anayetia kitu kinywani.

Sigino: Jua lote hili, na bado hajaonja?

Samli: Ana dukuduku huyo. Kunguru akikataa, marehemu ana jambo moyoni. Litajwe, aahidiwe kutimiziwa, utaona atakavyokula.

Ng'ambo ya barabara tukamsikia Mukundan: "Baba, nyumba hatuiuzi!" Kunguru kimya. "Baba, dada tutamwozesha vizuri!" Kunguru akajikuna bawa.

Sigino: Anajichosha bure. Seshu hayupo, kashazaliwa tena. Roho haifi, bwana, inabadilisha behewa tu, na matendo yako ndiyo tiketi. Sasa hivi ni kachanga huko Madurai, kananyonya.

Samli: Wewe na reli zako! Mtu kwanza anajiunga na babu zake, na babu zake wanakula. Ndiyo maana watu wa kale walikuwa na moto. Hakuna hekalu, hakuna sanamu, moto tu. Wanamimina samli, moshi unapanda, miungu inashiba.

Sigino: Na wewe ukashibia wapi siku hizo, bila jiko la hekalu?

Samli: Nisikilize! Na Veda, zile nyimbo takatifu za kale, hazikuandikwa. Zilisikiwa. Baba anatamka, mwana anarudia, mpaka zimeingia damuni. Ukikosea sauti moja, umeharibu ibada nzima.

Mimi: Haya, zilisikiwa kutoka kwa nani?

Samli akapuliza kahawa yake. Hilo lilikuwa swali la Seshu. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya, anamimina kahawa toka kikombe kwenda bakuli, toka bakuli kwenda kikombe, halafu anarusha swali moja linalobomoa mjadala wa asubuhi nzima.

Sigino: Mimi nakwambia, kabla ya hao watu wa moto kulikuwa na watu wa matofali, kule kwenye mto Sindhu. Miji yao ilikuwa na visima na mabwawa ya kuogea. Sisi kuoga asubuhi tumerithi kwao.

Samli: Basi na kunguru tumemrithi kwao?

Sigino: Kwani huyo alikuwa wapi? Alikuwa anawaamsha. Wenye hekima wakasikia ile kelele ya alfajiri, wakasema, ala, kumbe mtu anaweza kuanza siku kwa kuimba! Veda ya kwanza kaimba kunguru.

Samli: Toka hapa!

Sigino: Au basi Seshu kapata ukombozi. Hazaliwi tena, kaungana na Mwenye Vyote. Sasa atakula wali ili iweje?

Samli: Seshu akombolewe? Yule aliyekuwa anaficha karata chini ya paja?

Tukacheka mpaka Arumugam akatuonyesha kwa macho. Alamelu, mjane wa Seshu, alikuwa anavuka barabara. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga kijiweni. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa njaa. Tukasimama.

Samli: Shemeji, karibu ukae.

Alamelu: Sikai. Mwanangu ametaja yote anayoyajua, na mimi nimetaja yangu yote. Hataki kula. Nyinyi ndio mlikuwa mnashinda naye. Alikuwa anatamani nini?

Sigino: Shemeji, Seshu alikuwa anasema kwamba roho...

Alamelu: Sikuulizi habari za roho. Nakuuliza habari za Seshu.

Sigino akamtazama Samli, Samli akanitazama mimi.

Samli: Lakini shemeji, wewe ndiwe mkewe. Sisi tulijua mambo hayo anakwambia wewe.

Alamelu: Mimi alikuwa akirudi ananisimulia mlivyobishana. Basi. Nacheka, namwekea chakula. Nikadhani ya moyoni anawaachia nyinyi.

Nilijua Seshu alivyowaza kuhusu watu wa moto, kuhusu watu wa matofali, hata kuhusu kufa. Nilimpenda kuliko ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini alichokitamani sikukijua, na nilitamani hata mmoja wetu awe na uongo wa kumpa yule mama. Arumugam aliacha kumimina. Samli akashusha taulo lake toka begani kwa heshima, kama afanyavyo mbele ya madhabahu, akatembea hadi katikati ya barabara.

Samli: Seshu, ndugu yangu, tusamehe. Hatukuwahi kukuuliza.

Kunguru hakusogea. Samli akataka kurudi kukaa, aibu imemjaa usoni.

Alamelu: Usirudi. Endeleeni kumwita. Sauti zenu anazijua.

Tukamfuata Samli, mimi na Sigino, tukasimama pale juani, wazee watatu, tukaanza kumwita.