Siku ya Kumi na Tisa ya Mayai ya Mweemba

Kijiwe hiki cha mji wa Siavonga kiko nje ya karakana ya Volti, mchomelea vyuma ambaye tangu umeme uwe wa saa tatu kwa siku hana cha kuchomelea ila maneno. Hapo yeye na wenzake wanakunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, wakiutazama ukuta wa bwawa la umeme. Leo Mweemba alikaa roho mkononi. Mayai yake mia tatu yalikuwa siku ya kumi na tisa ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga, zimebaki mbili tu yaanguliwe, na hata umeme wa zile saa tatu, uliokuwa ukiipasha moto mashine, ulikatika tangu jana bila taarifa. Alikuwa ameifunika mashine mablanketi yote ya nyumbani.

Nabii, anayejua kila jambo likishatokea, alimfariji.

— Mvumilivu hula mbivu, ndugu yangu.

— Mayai hayaivi, Nabii. Yanaoza.

Volti alidai maji ya ziwa yanafyonzwa kwa bomba la chini kwa chini. Nabii akamcheka, akasema wabaya ni watu wa hali ya hewa, na vile vikombe vyao vinavyozunguka juu ya mlingoti ndivyo vinavyofukuza mawingu. Mweemba aliwasikiliza hadi akawachukia.

Akaja Chileleko, binti wa hali ya hewa anayepima mvua bwawani, kununua munkoyo. Nabii akamvaa hapo hapo: mbona hawakusema mvua itakuwa haba?

— Tulisema Oktoba, redioni, kwa Kitonga. Barua ya wakubwa wa bwawa niliipeleka kwa mkono wangu.

— Wakafanyaje? Mweemba aliuliza.

— Wakasaini. Kisha wakaendesha mitambo yote ya umeme hadi Krismasi, maji yakaisha.

Redio hiyo Mweemba aliisikia, akaacha mahindi, akapanda mtama, na mtama ukamlisha.

— Mimi wa jembe nilielewa. Wao wasomi walishindwa nini?

Chileleko akauliza, bila ubaya wowote:

— Na mashine ya mayai, Ba Mweemba, ulinunua lini?

Novemba. Wiki ile ile ya kupanda mtama. Miaka hamsini anaishi mbele ya ukuta ule, na hakuwahi kufikiri kwamba mvua ya shamba lake ndiyo mvua ya waya wake wa umeme. Volti akashughulika na kikombe chake.

Mweemba alikwenda nyumbani, akafunua mablanketi, akaweka yai moja shavuni. Lilikuwa baridi. Akajaribu la pili.