Anonciata Mukakalisa na Moto wa Samadi, 1955–1997

Wazee wa ukoo, viongozi wa dini na wa serikali, majirani wa Kiruruma na ninyi mliotembea kutoka Kaisho, historia ya namna hii kwa kawaida husomwa na ndugu mwingine ili mfiwa apate kukaa, lakini nimeomba kuisoma mwenyewe, kwa sababu tarehe nyingi ninazo mimi, na kwa sababu ipo sehemu moja ambayo hakuna mwingine awezaye kuisoma.

Mke wangu, Anonciata Mukakalisa, alizaliwa Kaisho tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Anastazi Harerimana, mfugaji aliyevuka kutoka Rwanda na ng'ombe kumi na wawili akitafuta malisho, na wa Mama Kampire, ambaye yupo nasi hapa. Tangu akiwa na miaka sita kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuzoa samadi zizini kwa mikono na kuipeleka migombani, kazi ambayo baadaye alipenda kuwaambia wataalamu kwamba ndiyo shahada yake ya kwanza, na kwamba mume wake hana shahada hiyo.

Alisoma shule ya msingi Kaisho kuanzia 1963 hadi 1969, sekondari Bukoba kuanzia 1970 hadi 1973, akafundisha madarasa ya elimu ya watu wazima kwa miaka miwili, kisha akajiunga na chuo cha maendeleo ya jamii, akahitimu mwaka 1978. Tarehe 1 Julai mwaka huo aliajiriwa kuwa Bibi Maendeleo katika wilaya yetu ya Karagwe, na miezi minne baadaye vita vikaanza.

Vita viliisha, lakini mafuta ya taa hayakurudi. Mwezi Februari 1981 jokofu la chanjo la zahanati moja ya upande wa Kaisho, ambalo liliwashwa kwa mafuta ya taa, lilikaa siku kumi na tisa bila tone, chanjo zote zikaharibika, na akina mama waliokuwa wamepanga foleni na watoto mgongoni wakarudishwa nyumbani. Anonciata ndiye aliyetumwa kuwaambia. Jioni ile alikaa jikoni kwetu bila kuvua viatu, akauliza inakuwaje wilaya yenye ng'ombe wote hawa ikose moto wa kupoza sanduku moja.

Tulikuwa tumefunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979, mwaka ule ule niliotoka chuo kikuu kuja kufundisha kemia. Tulijaliwa watoto watatu, Rwezaura aliyezaliwa 1980, Dafroza aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1985, na Polikarpi aliyezaliwa 1988.

Mei 1983 alipelekwa Arusha kwa wiki sita kujifunza ujenzi wa mitambo ya gesi ya samadi, akiwa mwanamke pekee kati ya wanafunzi kumi na wanne. Aliporudi alifuatilia kibali cha saruji kwa miezi saba, na tarehe 3 Novemba 1984 mtambo wa kwanza, wa mita za ujazo kumi na sita, ukawaka nyumbani kwetu. Wengi hapa mnakumbuka upinzani uliokuwepo, kwa kuwa samadi ni mali ya migomba, na mtu anayeitumbukiza shimoni alionekana kama anayewanyima watoto wake chakula. Alijibu kwa vitendo, akachota tope linalotoka upande wa pili wa mtambo baada ya gesi kutumika, akalimwaga kwenye mashina kumi ya migomba kando ya njia, akasubiri mpita njia aulize mwenyewe.

Sasa nafika kwenye sehemu yangu.

Mwezi Juni 1985 tulimbatiza Dafroza, na kwa ajili ya sherehe tulikamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, mitumbwi miwili ya kukamulia. Sherehe ilipokwisha Anonciata alisafiri kikazi. Nilitazama majani tuliyokamulia na makapi ya ndizi yaliyobaki, nikawaza kwamba ng'ombe huvila vitu hivi na mtambo hula kinachotoka kwa ng'ombe, kwa hiyo nitaufupishia safari. Niliyamwaga yote ndani, mimi mwalimu wa kemia. Baada ya siku tano mtambo ulichacha, gesi ikatoka lakini haikushika moto.

Tarehe 20 Julai kamati iliyokuwa iamue kuhusu saruji ya mtambo wa zahanati ilikuja kuona wa kwetu. Anonciata aliwasha njiti tatu. Mjumbe mmoja akasema, "Bibi Maendeleo, hata mimi nyumbani nina shimo lisilowaka." Walicheka, wakaondoka, na saruji ikaenda kujenga kitu kingine. Kijijini walisema, kwa utani na bila kujua, kwamba mtambo umelewa ubatizo, na kwamba mwanamke alitafuta makuu. Alijua ni mimi, kwani alikuta majani yenyewe ndani alipoingia na ndoo kuusafisha, kazi iliyochukua wiki kumi na moja pamoja na kusomba samadi mpya kutoka kwa baba yake. Katika daftari lake aliandika hivi: "Kimeingia chakula kigeni. Umefunguliwa, umesafishwa." Hakuandika jina. Hakumtajia yeyote, na mimi nilinyamaza zahanati ikisubiri, nikaendelea kunyamaza kwa miaka kumi na miwili.

Alianza upya kuomba saruji, na tarehe 11 Oktoba 1986 jokofu la zahanati ile lilianza kupoza chanjo kwa gesi ya samadi, miezi kumi na tano baada ya siku ile kamati ilipocheka ikaondoka. Mpaka anastaafu kwa ugonjwa alikuwa amejenga mitambo ishirini na mitatu kati ya Kiruruma na Kaisho, na ishirini na mmoja inawaka hadi leo. Kila mwenye mtambo alimfundisha kanuni moja kabla ya nyingine zote, kwamba mtambo haunywi rubisi, na ninyi mlicheka mkaishika, bila kujua ilitoka wapi.

Sera ya Taifa ya Nishati ilipotolewa mwaka 1992 aliandika barua akapata nakala, akaisoma kwa penseli mkononi, akapiga mstari penye maneno kuhusu vyanzo vipya vya nishati, kisha akasema taratibu, "Baba Rwezaura, serikali nayo imefika." Wakimbizi walipoingia mwaka 1994 na vilima vikabaki vitupu, aliwafundisha akina mama kwa lugha ya wazazi wake kujenga majiko ya udongo yanayotumia kuni chache, na mwaka 1995 alisimamia kuwekwa kwa paneli mbili za umeme wa jua kwenye chumba cha kujifungulia cha zahanati ile ile.

Novemba 1996 alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa hospitali ya Nyakahanga, akapewa rufaa kwenda Mwanza mwezi Februari, ikagundulika ni saratani ya ini, akaomba kurudi nyumbani. Alifariki Nyakahanga Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Siku nane kabla aliomba jambo moja, kwamba wanaokuja msibani wasilete kuni kama ilivyo desturi, kila mmoja alete ndoo ya samadi. Shangazi yangu Eustadia aliposikia aliuliza, "Msiba gani huo usio na kuni? Mnataka watu waseme tumemzika bila moto?" Jumapili asubuhi wa kwanza kufika alikuwa yeye Eustadia, ndoo kichwani, akasema nisimtazame hivyo bali nimtue. Tangu hapo nimehesabu ndoo mia moja na sita.

Ninawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakahanga na wa Mwanza, wafanyakazi wenzake wa idara ya maendeleo, ndugu wa Kaisho wakiongozwa na shemeji yangu Theoneste, na majirani waliombeba kwa machela. Naomba pia radhi kwa akina mama waliosubiri chanjo miezi ile kumi na tano, na kwa wote waliomcheka marehemu kwa kosa lisilo lake, kwa kuwa niliwaacha mmhukumu bila haki.

Ndizi na maharage mtakayokula leo yamepikwa kwa gesi ya mtambo wa kwanza, ule ule, na hakuna mti uliokatwa.

Mama Rwezaura, chakula kigeni nilikitia mimi, nimewaambia. Moto unawaka. Pumzika kwa amani.