Viatu vya Joan Kabla ya Jumatatu

Kijiwe chetu kipo Nyakahura, kando ya barabara, pale malori yanapopunguza mwendo kupisha ng'ombe. Adventina anauza kahawa, Niyibizi anashona viatu mwisho wa benchi, na sisi wengine kazi yetu ni kujua kila kitu. Jumamosi ile Gaudence alikuja na kikapu, akatoa shati jeupe lenye kola ya njano na viatu vyeusi vilivyogeuka rangi ya vumbi letu. Vilikuwa vya binti yake, Joan, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Priscila, mkewe, tulimzika mwezi wa kumi. Kila Januari kazi hiyo ilikuwa yake, na Gaudence hakuwahi kuuliza inafanywaje.

— Nisaidieni, alisema. Sitaki mtoto aonekane hana mama.

Kama ilivyo desturi yetu, tukaanza kusema wote kwa pamoja.

Adventina alichukua shati bila kuuliza mtu, akalipaka kola limau na sabuni, akalianika juani juu ya majani. Alisema baadaye atalitia bluu ya kufulia, na kwamba wanaume tugombane na viatu.

— Ganda la ndizi, alisema Danstan, tunayemwita Waziri kwa kuwa hakuna asiloahidi. Unasugua kwa upande wa ndani. Kinang'aa mpaka unajitazama unachana nywele.

— Na nzi wanakusindikiza mpaka darasani, alisema Xavery. Huyu tunamwita Daktari, tangu mbuzi wake apone mwenyewe. Weusi, aliendelea, uko kwenye betri kuukuu za redio. Ponda, changanya na maji, paka.

— Na soksi nyeupe je? aliuliza Adventina.

— Mama, alimjibu Daktari, wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Walisema mwana. Hawakusema soksi.

Waziri hakukubali kushindwa. Alisema kiatu ni ngozi, ngozi ni ng'ombe, kwa hiyo tukipake samli, tukilaze zizini usiku mmoja kikumbuke kilikotoka. Niyibizi alikigeuza kiatu, akakigonga kwa kucha.

— Hiki kilitoka kiwandani, Waziri. Hakina cha kukumbuka.

Alishona midomo ya mbele iliyokuwa imeachama, sisi tukiendelea. Daktari akaja na wazo kwamba kahawa ni nyeusi, tena ni ya Kagera yetu, haiwezi kututupa. Tukamimina birika lote lililobaki. Sijui kama kahawa ilifanya kitu, maana Niyibizi alipitisha juu yake kiwi ya mwisho ya kopo lake, akasugua kwa kitambaa. Lakini viling'aa. Tulivipanga juu ya benchi tukavitazama kama tumevizaa, na Gaudence akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ndipo Joan akaja kumtafuta baba yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Aliviona. Aligusa kimoja kwa kidole, akatabasamu.

— Vimependeza. Baba, vinanitosha?

Waziri alitazama barabara, Daktari akatazama ndani ya kikombe kitupu. Asubuhi nzima tulikuwa na viatu mikononi, na hakuna aliyewaza mguu wa kuvivaa. Joan alivua kandambili, akaingiza mguu taratibu. Kisigino kilibaki nje.

— Mama alikuwa anachukua unyasi, alisema kwa sauti ya chini. Anapima mguu kwanza. Kusafisha ni baadaye.

Hakuwa analalamika, na hilo ndilo lililotuumiza. Niyibizi alivuta gunia lake la viatu ambavyo wenyewe hawakuvirudia, akaanza kutoa vyeusi kimoja kimoja. Soli za vingine ni nyembamba, alisema, lakini nyuzi anazo. Adventina akabandika birika lingine.

Gaudence aling'oa unyasi pembeni ya benchi, akapiga magoti kwenye vumbi, akaulaza chini ya wayo wa binti yake.

— Nikate wapi?

— Hapa kwenye kidole, baba. Ila mama huwa anaacha nafasi ya kukua.

Gaudence akasogeza kucha mbele kidogo, akasogeza tena, ndipo akakata.