Projekta Aliyonyimwa Mwalimu Karwirwa

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Karwirwa, aliyefariki wiki iliyopita baada ya kuugua muda mfupi. Na niwaambie mapema, leo sina sauti ya kubembeleza.

Karwirwa alizaliwa Ruiri, kule Buuri. Aliolewa Kanja, Embu, na Bwana Njagi, wakajaliwa binti, Kagure. Hapo Kanja alifundisha somo la jamii, Gredi ya Sita. Somo la jamii, wasikilizaji, lile ambalo shule nyingi hulisoma kitabuni tu, mtoto akariri, mtihani upite, basi.

Yeye hakutaka hivyo. Siku moja alipata kwenye simu makumbusho yanayoweka vitu vyake mtandaoni bure kwa walimu. Bure kabisa. Mizinga ya nyuki, ngao, vyungu, picha unazoweza kuzizungusha ukaona hadi kitako cha chungu, pamoja na masomo yaliyopangwa tayari. Kila alipokwenda Ruiri kumjulia mamake hali, alipitia Meru mjini kwenye duka la dada yake Kinya, palipo na waifai. Kinya anasema chai ilikuwa ikipoa mbele yake. "Nilimwambia, dada, kunywa kwanza. Akaniambia nimwache, mzinga unapakuliwa."

Sasa sikilizeni yanayouma. Shule yao ina projekta. Narudia, projekta ipo, na stima ipo. Ililetwa kama msaada, ikaingizwa stoo ikiwa bado na plastiki yake, ikatiwa kufuli. Mnajua desturi yetu. Vikombe vizuri ni vya wageni, kiti kizuri ni cha wageni. Na projekta nayo ikawa ya wageni.

Karwirwa alienda ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Mutugi, akaomba. Akaambiwa angoje wakaguzi waje. Wakaguzi wakaja, wakaonyeshwa, wakaisifu, ikarudi stoo. Muhula uliofuata akaomba tena. Bwana Mutugi si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ni mwoga. Aliitilia sahihi, na aliogopa ikiharibika ataulizwa yeye.

Basi mwalimu akapitisha simu yake darasani, kioo kimepasuka, watoto wakisukumana. Wa nyuma hawakuona kitu. Zamu yao ikifika, chaji imekwisha. Jioni alifika nyumbani akatupa mkoba kitini, hata salamu hakutoa. Siku moja alipata picha ya kibuyu cha maziwa kilichochukuliwa zamani kutoka milima hii hii yetu. Alirudi ofisini, na safari hii hakuomba kwa upole.

"Mwalimu, kibuyu cha nyanya zao kiko ng'ambo," alimwambia. "Wenyewe wametupatia picha bure. Anayewazuia hawa watoto kukiona ni wewe na hiyo kufuli."

Hakupewa. Aliumia, wasikilizaji. Njagi anasema mkewe alilia siku hiyo, na hakuwa mtu wa kulia ovyo.

Ijumaa tulimzika. Ibada ilikuwa kanisani Kanja, na nani akaingia na projekta? Bwana Mutugi. Aliibandua plastiki mbele yetu ili tuone picha za marehemu ukutani. Gredi ya Sita waliketi mbele. Kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuiona ikiwaka, na walichoonyeshwa ni uso wa mwalimu wao ndani ya fremu ya maua. Nilitamani kutoka nje.

Njagi alipopewa kipaza sauti hakusema mengi. "Mama Kagure aliomba hiki kitu miaka. Leo kimewaka. Mwalimu, tafadhali, usikirudishe stoo."

Watu walipiga makofi. Bwana Mutugi naye alipiga makofi.

Jana nilipiga simu shuleni. Imerudi stoo.

Kwa Bwana Njagi, kwa Kagure, kwa Kinya na mama yao kule Ruiri, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, mwenye ufunguo wa kabati, wa maktaba, wa chochote kilicholetewa watoto, hebu jiulize unamwekea nani.

Bwana Mutugi, najua redio ya ofisini kwako huwa imefunguliwa kituo chetu. Masomo ya Mwalimu Karwirwa bado yamo kwenye simu yake, na Njagi yuko tayari kuileta. Gredi ya Sita wana somo la jamii kesho asubuhi.