Mama Sindano na Mkanda wa Shangazi

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Sindano atafunga kwa mara ya mwisho chumba cha matandiko cha shule yetu ya kupanda farasi, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Ameshatuonya kwamba hataki hotuba ndefu. Wasifu huu ni mfupi kadiri mwandishi alivyoweza kujizuia.

Alikuja kushona tandiko moja lililopasuka. Alipolimaliza akaonyeshwa la pili, na la pili lilikuwa na ndugu zake wengi. Hakuna anayekumbuka ni nani aliyemwambia abaki. Mwanafunzi akitupa hatamu sakafuni, Mama Sindano hamgombezi. Humwomba tu amsaidie kuziosha hatamu zote za shule. Hata mkuu wetu aliwahi kuosha.

Msimu mmoja wa joto, farasi alianguka katikati ya uwanja kwa uchovu, mwanafunzi akiwa mgongoni. Wote wawili walipona, lakini Mama Sindano alikosa raha. Alisema farasi angekuwa na kauli, angeomba kupumzika mapema. Nyumbani, mumewe alikuwa na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, pamoja na saa yake, aliotakiwa kuuvaa katika matembezi ya asubuhi. Mzee aliuvaa wiki moja, akasema hahitaji saa ya kumwambia kuwa amechoka, akautia kabatini. Mama Sindano akauazima, akiahidi kuurudisha Jumapili. Mzee bado anaingojea Jumapili hiyo.

Wa kujaribiwa alikuwa Shangazi, farasi jike mkongwe aliyepewa jina hilo kwa kuwa hapendi kuharakishwa. Mkanda wa binadamu haukufika hata nusu ya kifua chake, basi Mama Sindano akauunga kwa mpira wa mikanda mikuukuu. Manyoya nayo yakazuia mapigo. Saa ikaonyesha sifuri, tukaanza kumpa Mama Sindano pole ya msiba. Akashona vifuko viwili vya sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi, kimoja kikae chini ya tandiko upande wa kushoto, kingine nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Sponji ya kwanza Shangazi aliila, kwa utamu wa chumvi.

Namba zilipopatikana, zilituhuzunisha. Shangazi alisimama akisinzia, huku saa ikionyesha moyo unaokwenda mbio. Tulipima tena na tena, mwalimu wa kupanda akiwa amemshikia hatamu, na majibu yakawa yale yale. Mwalimu akasema bila kificho kwamba mkongwe huyo amekwisha, aondolewe. Lori likaagizwa. Farasi mzee asiyefanya kazi hana pengi pa kwenda, na sote tulilijua hilo.

Mama Sindano alikataa. Alimwekea Shangazi kiganja ubavuni, kisha sikio, akausikia moyo ukienda taratibu kabisa. Akamvua mkanda na kuupeleka chumbani kwake, akarudi na saa peke yake mkononi. Saa ikaendelea kuhesabu mbio zile zile, ingawa mkanda ulikuwa mbali.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa mazoezi, na chini ya shati, kama alivyokiri hapo, alivaa mkanda wake mwenyewe wa aina ile ile. Mikanda ile haikuwa na ubaguzi. Saa yoyote iliyokuwa karibu ilinasa mapigo ya mkanda wowote. Yeye mwenyewe alikuwa ameziona namba kubwa kwenye saa yake, akajifariji kwamba imenasa mapigo ya Shangazi. Kuhema kwake akipanda ngazi alisema ni umri. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mama Sindano alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akamtazama mwalimu usoni, na kicheko kikaisha. Akamwambia kwamba Shangazi hana kitu, na kwamba yeye aingie kwenye gari la majani sasa hivi, asianze habari za kuoga kwanza. Hospitali walimlaza. Daktari alisema moyo ulikuwa umepoteza mwendo wake, na kwamba kwa mbio zile za kila jioni asingefika mbali. Lori lilikuja, likarudi tupu. Shangazi yupo hadi leo, na ndiye anayewafundisha watoto wanaoogopa farasi. Mkanda nao umeshakwenda kwenye vifua vya farasi wetu wote, na hakuna aliyeanguka tena kwa uchovu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwalimu yule kilimkosa kwa sababu kulikuwa na mwanamke asiyekubali farasi asingiziwe. Tangu mwalimu aliporudi kazini, kila asubuhi Mama Sindano humgusa Shangazi ubavuni, kisha hunyoosha mkono bila hata salamu, na mwalimu humpa kifundo chake cha mkono. Akiridhika, humwambia aende kazini.

Mwalimu huyo ndimi ninayeandika haya. Binti zangu walikuwa wadogo wakati ule. Mmoja ameolewa mwaka huu, nami nilikuwepo kumsindikiza. Asante, Mama Sindano. Nenda ukapumzike salama, utembee na Mzee asubuhi, na umri wako uwe mrefu wenye afya. Jumatatu nitapita kwako kabla ya kazi. Nitanyoosha mkono mwenyewe.