Herminia Dalupang na Gurudumu Lisilokuwepo

Ngurrr... ngurr... ngu... Kimya.

Mlio huo, wasikilizaji wapendwa, ni wa jenereta ya dizeli ya kisiwa chetu cha Banlaguyan, ikizimwa saa sita mchana, siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Aliyeizima ni Herminia Dalupang, fundi umeme, tuliyemwita Minyang. Juzi tumemzika Herminia, akiwa na miaka sitini na minne. Leo tunamkumbuka, na tukicheka tusilaumiwe. Mwenyewe alikuwa mcheshi.

Jenereta ina gurudumu zito. Mzigo, yaani umeme unaotumiwa na watu, ukibadilika ghafla, uzito ule huutuliza umeme. Betri za jua, zilizokuja kuchukua nafasi yake, hazina gurudumu. Basi Herminia akaunda sanduku la kielektroniki, akalifundisha kujifanya jenereta, litulie kana kwamba lina uzito.

Mzee Restituto, msimamizi wa dizeli, alimcheka. "Dada Minyang, sanduku halina hata skrubu inayozunguka! Litashika nini?"

"Litashika adabu uliyoikosa wewe, kaka."

Halmashauri ilimpa jaribio moja. Moja tu! Umeme ukikatika sikukuuni, sanduku linang'olewa.

Dizeli ikanyamaza. Na hapo tukakosea sisi. Banlaguyan, jenereta ikinyamaza, unakimbia kuchomoa friji, umeme usije ukarudi kwa kishindo ukaiunguza. Kisiwa kizima kikakimbia! Aliyekuwa akiimba karaoke akaliacha pendo katikati ya ubeti. Nguruwe akaachwa motoni bila wa kumgeuza. Kila nyumba ikachomoa, kwa pamoja. Mzigo ukaporomoka kuliko Herminia alivyowahi kupima.

Mumewe, Bwana Crispulo, anasimulia: "Mzigo ukipungua, umeme huenda mbio: mapigo yake yakaruka toka sitini kwa sekunde hadi sitini na moja na nusu. Yakifika sitini na mbili, kila kitu kinajikata. Mke wangu akaliwekea sanduku mkono, kama anabembeleza mtoto: 'Polepole, mwanangu. We mzito. We mzito.'"

Sitini na moja na nusu. Yakasita. Yakashuka. Sitini!

Watu wakabaki na plagi mikononi, wakikodolea macho taa za uwanjani, zinawaka na dizeli imelala. Herminia akanyakua kipaza sauti cha kanisa: "Chomekeni, wali usilale mbichi! Lakini mmoja mmoja, mnataka kuniua?"

Bwana Crispulo na mabinti zake, poleni sana. Nasi tujiulize: ni mangapi tumeyadharau kwa sababu tu hayapigi kelele?

Kisiwa cha jirani nacho kimeomba sanduku. Pale kaburini, Mzee Restituto alimshika Crispulo mkono. "Shemeji," alisema, "nitakwenda kulifunga mimi mwenyewe. Na wakinicheka, nitawavumilia, kama mkeo alivyonivumilia mimi."